Neno la Shukrani

Mimi ndiye niliyewashukuru. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kanisani kwetu wakisimulia habari za ile shule ya Kingstanding, mtaa wetu huku kwa Waingereza, huanza na siasa na pesa za serikali, halafu wakinifikia mimi hukohoa na kubadilisha mazungumzo. Wasikohoe. Nilisimama mbele ya wazazi wenzangu, katika ukumbi uliokuwa bado unanuka mchuzi wa chakula cha mchana, nikafungua kinywa changu mwenyewe, nikawashukuru watu ambao baadaye walikifunga chumba cha mwanangu.

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido, karibu na mlango wa kutokea bustanini. Kilikuwa na watoto sita, watu wazima watatu, mapazia mazito, na hema dogo la kitambaa pembeni ambamo mtoto aliyechoshwa na kelele aliweza kuingia akakaa mpaka atulie. Watoto hao sita walikuwa na chumba chao kwa sababu darasa la kawaida lilikuwa limewashinda, au tuseme wao walikuwa wamelishinda darasa. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Alipoanza hapo alikuwa na miaka mitano na hakuwa amesema neno hata moja la lugha yoyote. Alikuwa akiuma. Alimuuma baba yake, aliniuma mimi, alimuuma mwalimu wa shule ya kwanza mpaka akatoka damu, na shule hiyo ikatuita ikatuambia kwa sauti ya upole kwamba pale hapamfai. Shangazi yangu alipiga simu kutoka nyumbani akasema mtoto aletwe aombewe. Nikamwambia ameshaombewa kwa lugha nne na bado anauma.

Mwalimu wa chumba kile alikuwa mwanamke mpana, mzaliwa wa hapa hapa Kingstanding, mwenye michoro ya maua mikononi mpaka kwenye viwiko, na alimwita kila mtu “bab”, yaani mpenzi kwa lugha ya mitaa ya hapa: mtoto, mzazi, hata mkaguzi. Mara ya kwanza nilimdharau, nasema kweli. Kwetu mwalimu havai soksi zenye picha za bata. Lakini kila siku alikuwa akiweka kikombe cha maji juu ya rafu, mahali ambapo binti yangu anakiona lakini hakifikii, kisha anasubiri. Hamlazimishi. Mtoto akilia anampa, na kesho yake anaanza upya. Alifanya hivyo kwa miezi, mpaka mimi nikaona ni ukatili wa aina fulani.

Siku binti yangu aliposema “water”, mwalimu alinipigia simu nikiwa kazini. Mimi ni mhudumu wa wazee. Nazunguka nyumba kwa nyumba huko Sutton Coldfield, kwenye bustani pana kuliko uwanja wa shule yetu, nikiwaogesha watu ambao watoto wao wanaishi London. Siku hiyo nilikuwa namsugua mgongo mzee mmoja. Nikaketi kwenye ukingo wa bafu lake nikalia kwa sauti, na mzee akaniuliza ni nani amekufa.

Miaka mitatu baadaye binti yangu alikuwa na maneno arobaini na kitu, na nilikuwa nimeyaandika yote kwenye daftari. Kiswahili alikielewa chote. Ukimwambia leta viatu, analeta. Majibu yake yalikuwa Kiingereza, kama ilivyo kwa watoto wengi waliozaliwa hapa. Hakuwa akiuma tena. Alikuwa akipanga mstari, akila mezani, akilala. Nasema haya ili mtu asije akadhani kwamba sikujua nilichokuwa nacho. Nilijua thamani ya chumba kile kuliko karibu kila mtu aliyekuwa ukumbini siku ile, na hilo ndilo linaloniua.

Habari ililetwa na barua iliyokunjwa ndani ya begi lake. Bodi ya shule ilikuwa inafikiria kuitoa shule mikononi mwa halmashauri ya jiji na kuikabidhi kwa shirika moja lililokuwa tayari linaendesha shule nyingi. Mpango wenyewe ni rahisi kueleza na mgumu kuuelewa. Pesa zinabaki kuwa za umma, zile zile za kodi yetu, ila sasa haziji tena kupitia halmashauri. Zinakwenda moja kwa moja kwa shirika, na shirika ndilo linaloamua shule ipi ipate nini. Halmashauri tuliyoichagua haina tena sauti pale. Shirika lina wakurugenzi wake, ambao hakuna mzazi aliyewachagua.

Mume wangu anafanya kazi Tyseley, kwenye kiwanda cha kuchomea taka za jiji, na ana maoni juu ya kila kitu, maana anasema ukiona watu wanachotupa utawajua. Aliisoma barua ile akiwa amesimama.

“Hii ni kumpa fisi bucha alinde,” alisema. “Pesa ni yetu, lakini manager ni wao. Wakikosea utamshtaki nani?”

Lakini si kila mtu aliona hivyo, wala wenye kuona tofauti hawakuwa wajinga. Rafiki yangu mmoja, mama wa mapacha kutoka Bukavu, alikuwa amechoka. Wanawe walikuwa darasa la nne, kwenye kile chumba cha mabati kilichowekwa uwanjani kwa muda na kikakaa miaka.

“Batoto yangu beko nasoma mu darasa yenye mvua inaingia,” aliniambia tukitoka kanisani. “Council haina franga, c’est fini. Benye beko na franga bakuye tu.”

Kwake, wenye pesa na waje tu. Na halmashauri kweli haikuwa na kitu. Jiji zima lilijua, kuanzia mapipa ya taka mpaka maktaba zilizofungwa. Na sisi Wakenya tulikuwa na ugonjwa wetu wenyewe. Kwetu, shule ikishaitwa akademi ujue ni ya wenye nazo: basi la njano, sweta yenye nembo, Kiingereza cha puani. Sasa tunaambiwa shule yetu chini ya shirika itaitwa akademi, na watoto wetu wataingia bila kulipa karo. Kuna mama mmoja aliyepiga picha barua ile akawatumia ndugu zake Nakuru.

Jumapili kabla ya mkutano, wanawake wa kanisani walinizunguka pale tunapooshea vikombe.

“Sister, wewe ndio wetu,” wakasema. “Utasimama utupee vote of thanks. Hao watu wasifikirie sisi hatuna adabu.”

Nami nikakubali, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Harusi, mazishi, kutawazwa kwa mchungaji, neno la shukrani ni langu. Nimelelewa hivyo. Katika mikutano yetu mgeni haachwi aondoke bila kushukuriwa, hata kama amekuja na habari mbaya. Unamsifu mbele ya watu ili aondoke na uso wake. Lile la moyoni unalisema baadaye, pembeni, kwa sauti ya chini, mkiwa wawili. Mama yangu alikuwa hodari wa hilo. Kwenye mkutano wa wazazi alikuwa akimmwagia mwalimu mkuu sifa mpaka watu wanapiga makofi, kisha anamfuata ofisini na kumbana mpaka anatoa alichotaka. Sikumbuki aliwahi kushindwa. Nilifikiri dunia yote inakwenda hivyo: sifa za hadharani ni za adabu, na maneno ya pembeni ndiyo maneno yenyewe.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa mwalimu mkuu, watu wawili wa bodi, na mgeni wetu kutoka shirika, mwanamume mwembamba aliyevaa suti na raba nyeupe. Pembeni yao mwanamke alikuwa akiandika kwenye kompyuta kila kilichosemwa. Mgeni alionyesha picha za watoto wakicheka. Alisema vizuri, sitamnyima hilo.

Kisha jirani yangu akasimama. Mwanamke huyu tunaishi mlango kwa mlango, Mwingereza, na binti yake alikuwa chumba kimoja na wangu. Ndiye aliyekuwa akimchukua mwanangu mvua ikinyesha na mimi nimechelewa Sutton Coldfield. Hakusalimia. Aliuliza: chumba cha watoto sita mtakifanya nini? Mgeni akajibu kwamba kwa sasa hakuna mpango wowote wa kubadilisha. Jirani akasema “kwa sasa” si jibu. Mgeni akarudia yale yale. Basi watu wakapandisha sauti. Mmoja kule nyuma alimwita mwongo, mwingine akamtukana tusi la nguoni mbele ya watoto, na yule mwanamume shingo yake ikawa nyekundu.

Mimi nikaona aibu. Siyo kwa ajili yake, kwa ajili yetu wenyeji. Mgeni ametukanwa nyumbani kwetu! Nikaona kuna mtu lazima aokoe heshima ya mahali pale, na nani mwingine ila mimi. Nikanyoosha mkono.

Nilizungumza dakika tatu, labda nne. Nilimshukuru kwa kuacha shughuli zake na kuja kutuona. Nilisema kwa niaba ya familia za Kiafrika. Nilisema kwetu tuna msemo, mgeni njoo mwenyeji apone, nikautafsiri kadiri nilivyoweza: mgeni na aje, ili mwenye nyumba apate kupona. Nikasema tunampokea kwa mikono miwili. Wanawake wa kanisani wakapiga makofi, mama wa mapacha akapiga kigelegele kidogo, na yule mwanamume akaweka mkono kifuani kama mtu aliyepewa maji jangwani. Mwanamke wa kompyuta alikuwa akiandika haraka haraka. Nikakaa nikijisikia vizuri sana.

Baada ya mkutano nikafanya sehemu ya pili, sehemu yenyewe. Nikamfuata mgeni kwenye korido, pale watoto wanapotundika makoti, nikasimama karibu naye na kushusha sauti.

“Sasa niambie kweli,” nikamwambia kwa Kiingereza changu. “Binti yangu yuko kwenye chumba kile. Bila chumba kile hana shule. Nataka uniambie wewe, mdomo kwa sikio, kwamba hutakigusa.”

Naye akashusha sauti yake pia, nikaona amenielewa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema watoto wale ndio moyo wa kila kitu wanachofanya, na kwamba nisiwe na wasiwasi hata kidogo.

Nilifika nyumbani nikivua viatu kwa mbwembwe. “Nimemaliza,” nikamwambia mume wangu.

“Amekuandikia?”

“Mtu mzima amenishika mkono, akaniahidi.”

“Mkono sio document, mama,” akasema, akaenda kuoga.

Ripoti ya mkutano ilitoka wiki kadhaa baadaye. Mimi sikuwa nimeiona. Aliniletea jirani yangu, imechapishwa, na mstari mmoja umepakwa rangi ya njano. Mwanamke huyo alikuwa na mazoea ya kuingia kwangu bila kubisha, akifungua friji kutafuta maziwa. Siku hiyo alisimama nje, kwenye kizingiti, akanipa karatasi.

Iliandikwa kwamba baadhi ya wazazi walikuwa na maswali kuhusu huduma kwa watoto wenye mahitaji maalum, nao walijibiwa. Halafu, kwenye mstari wa njano: mzazi mmoja, akizungumza kwa niaba ya jamii ya Kiafrika, alilipokea shirika kwa mikono miwili na kusema ujio wake utaiponya shule, na kauli hiyo iliungwa mkono kwa makofi. Nikageuza ukurasa kutafuta korido. Korido haikuwamo. Nilisoma ripoti yote mara mbili nikisimama pale mlangoni, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

“Wengine wote tulisema hapana,” jirani aliniambia. “Tulisema kwa kelele, tulisema kwa matusi, lakini tulisema. Wewe ndiye “ndiyo” yao.”

“Nilikuwa namshukuru tu,” nikasema. “Ni adabu.”

“Adabu gani? Mwanangu hali adabu.”

Nilitaka kumweleza habari za mama yangu na ofisi ya mwalimu mkuu, na kwamba nilikuwa nimemaliza kazi kwenye korido. Lakini nikasikia jinsi maneno hayo yatakavyomfikia. Aliondoka bila kufunga geti, na tangu siku hiyo hakurudi kuomba maziwa.

Bodi ilipiga kura, na ilipofika majira ya kuchipua shule ikawa ya shirika. Kibao cha langoni kikabadilishwa. Sare ya kijani ikawa ya bluu yenye nembo. Ukweli ni ukweli, kile chumba cha mabati kiliondolewa na wale mapacha wakapata darasa kavu, na mama yao alinikumbatia. Nami nikamkumbatia. Watoto wake wawili hawakuwa na kosa lolote, wala wangu hakuwa nalo.

Barua ya pili ikaja kabla ya kipindi cha joto. Ilisema chumba kidogo hakiwezi kuendelezwa. Ilisema fedha zinazotumika kwa watoto sita zingeweza kuwafaa watoto wengi. Nikapiga simu halmashauri. Wakasema hawana mamlaka, shule si yao tena. Nikapiga simu kwenye shirika. Wakasema halmashauri hailipi vya kutosha kwa ajili ya watoto kama wangu, niwaulize wao. Walinipiga danadana hivyo kwa mwezi mzima. Nilikuwa nikipiga simu nikiwa ndani ya gari nje ya nyumba za wazee, nikisikiliza muziki wa kusubiri, na mzee ndani ananisubiri na chai imepoa. Nilianza kusahau dawa za watu. Nilianza kumpigia mume wangu kelele kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nikaamua kwenda kuyafuta maneno yangu. Ndivyo nilivyofikiri, kwamba yanafutika. Niliandika barua, nikaisahihisha mara sita, nikachukua basi mpaka katikati ya jiji, ghorofa ya nne, kwenye ofisi za shirika. Nilikataa kuondoka mapokezi mpaka yule mwanamume akashuka mwenyewe, na raba zake nyeupe. Alinitambua papo hapo, uso wake ukanawiri.

“Ni wewe!” akasema. “Ile hotuba yako nzuri. Unajua nimeutumia ule msemo wako? Nimeusema kwenye mikutano ya shule mbili nyingine. Watu wanaupenda sana.”

Nikampa barua yangu. Nikamwambia nataka ripoti isahihishwe, kwamba sikukubali kitu, kwamba kwetu kumshukuru mtu si kumkubalia, na kwamba alinipa neno lake kwenye korido. Aliisoma yote, sitamnyima hilo pia. Kisha akasema kura ilishapigwa, ripoti ni kumbukumbu ya yaliyosemwa, na mimi niliyasema. Kuhusu korido, alikumbuka mazungumzo mazuri, ila hakukumbuka maneno hasa. Hakuna aliyeyaandika.

Hapo nikapandwa na hasira, na Kiingereza kikanikimbia. Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo mama yangu asingeitumia hata nje ya ofisi, kwamba ni mwongo, mwizi wa maneno, na kwamba mgeni wa aina yake kwetu hufukuzwa na mbwa. Vijana wawili waliokuwa wakila sandwichi wakainua vichwa. Yeye alisubiri nimalize. Alikuwa mvumilivu, akanisindikiza mpaka kwenye lifti, akanibonyezea kitufe.

Nilirudi na basi nimekaa ghorofa ya juu, mbele kabisa, nikiwa na barua yangu mkononi kwa sababu alikuwa amenirudishia. Nilijichukia. Kama ningekaa kimya siku ile, ningekuwa mzazi mmoja kati ya wengi walioshindwa. Kama ningetukana, ningekuwa pamoja na jirani yangu. Mimi nilichagua kuwa mtu wa heshima. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Hawasemi kwamba akija hakai sebuleni, anaingia mpaka kitandani.

Mwalimu wa binti yangu aliondoka mwisho wa muhula. Alipata kazi kwenye shule ya binafsi nje ya jiji, ambako halmashauri, ile ile isiyo na kitu, hulipa gharama maradufu ili kuwapeleka watoto waliokosa nafasi mjini. Alinieleza hilo akicheka, ila macho yake hayakuwa yakicheka. Nikamuuliza kama mwanangu anaweza kumfuata huko. “Imejaa, bab,” akasema. “Ina foleni mpaka barabarani.” Niliomba msamaha. Akaniambia nisijipe ukubwa nisio nao, kwamba wangekifunga tu, hotuba au bila hotuba. Labda ni kweli. Nimejaribu kuiamini sentensi hiyo mara nyingi na haijanifaa kitu.

Septemba ilipofika binti yangu hakuwa na shule. Jina la shule yetu lilifutwa kwenye hati yake ya mahitaji maalum, na mahali pake pakaandikwa kwamba nafasi inatafutwa. Nilikuwa nimeacha zamu za asubuhi. Maneno yake yalikuwa yameanza kupungua. Kwenye daftari nilikuwa nikiweka alama kwenye yale ambayo sikuwa nimeyasikia kwa wiki nzima, na alama zilikuwa nyingi.

Siku shule zilipofunguliwa nilimpeleka. Nilijua hana nafasi. Nilimpeleka nikijua. Nilikotoka, mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, mzazi humvalisha sare iliyopigwa pasi, humrudisha mpaka mlangoni kwa mwalimu mkuu, na kusimama naye pale. Huna haja ya kusema kitu. Unasimama tu na mtoto wako, mbele ya watu, mpaka mwenye mamlaka aone haya. Mama alisimama hivyo kwa ajili yangu zaidi ya mara moja, nami nikasoma. Nikasema hata hawa lazima wana haya mahali fulani. Nikampigia pasi sketi yake ya kijani, nikamsuka, nikamfunga kamba za viatu.

Uwanja wote ulikuwa wa bluu, yeye peke yake kijani. Mwanamke wa mapokezi, mgeni kwangu, alitafuta kwenye skrini yake akasema jina halimo. Nikasimama. Nikasubiri haya iingie. Yeye akanitazama kwa huruma ya kikazi, akainua simu, na wakati huo huo binti yangu akaniponyoka, akapita chini ya mkono wa mzazi mwingine aliyeshika mlango, akaenda zake kwenye korido. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayejua aendako.

Nilimkuta mwisho wa korido. Mlango ulikuwa umewekewa kufuli ya namba. Kupitia kioo niliona meza ndefu, viti vinane, na ubao mweupe. Mapazia hayakuwapo. Alisukuma mlango mara moja, ukagoma, naye akaketi sakafuni, akapakata begi lake na kusubiri ufunguliwe.

Mwalimu mkuu msaidizi alikuja, kijana wa kike mwenye sauti tamu. Alichuchumaa, akamwambia kwamba leo siyo siku yake ya shule, twende kwa mama, akamnyooshea mkono. Nilijua kitakachofuata. Nasema kweli, nilikitamani. Nilitaka amuume.

Binti yangu aliutazama ule mkono. Akasema, kwa sauti safi, “No thank you.”

Sikuwahi kulisikia hilo kwake. Halikuwamo kwenye daftari. Baadaye mwalimu wake aliniambia kwa simu kwamba ndicho kitu cha mwisho alichomfundisha, wiki zile za Julai, kwa kuwa alijua watoto wake wanakwenda kwa watu wasiowajua: mtu akitaka ufanye usilolitaka, usimuume, mwambie hapana, asante. Alimwambia kwamba ukisema hivyo, watu huacha.

“Adabu nzuri sana!” yule mwalimu msaidizi akasema, akitabasamu, na akamshika mkono hivyo hivyo.

“No thank you.”

Mwanamke wa mapokezi alikuwa amefika nyuma yangu. Mstari wa watoto wa bluu ulikuwa umesimama kutazama. Mwalimu msaidizi akageuka kwangu, akaniuliza kama mama anaweza kusaidia. Wote walinitazama, wakisubiri mtu mmoja mwenye busara amalize jambo hili kwa amani.

Nikainama nikambeba. Ana miaka tisa, ni mzito, miguu yake ilinigonga magotini. Hakupiga kelele na hakuuma. Nilimpitisha mbele ya watoto wale, mbele ya mapokezi, nikakata uwanja, naye akiniambia mimi, sikioni, kwa adabu aliyofundishwa, mpaka tukafika langoni: “No thank you. No thank you. No thank you.” Na mimi, mama yake, sikumweka chini.